Somo la Nne: Kampuni ya Kigeni Imeingia kwa Mlango Gani?

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika somo hili tunamzungumzia mgeni wa aina moja, yaani kampuni iliyozaliwa katika nchi nyingine ikaja kutafuta wateja kwetu. Hatukusudii kumtisha mlaji ili aache kununua bidhaa za kigeni, wala hatukusudii kumpamba mgeni kuliko anavyostahili. Tunakusudia kwamba kila atakayesoma kurasa hizi, kabla hajatoa fedha yake, aweze kujibu swali moja: bidhaa au huduma hii ikiharibika, ni nani aliye ndani ya Tanzania atakayewajibika kwangu?

Jibu la swali hilo hutegemea sana njia ambayo kampuni ilitumia kuingia nchini. Kwa hiyo tutaeleza njia hizo moja baada ya nyingine, tutaona mgeni anapoondoka kinachobaki ni nini, kisha tutaonyesha hatua za kuchukua.

1. Mfano wa kuanzia

Tuchukue mfano wa kufikirika. Mama mmoja wa Ngokolo, katika Manispaa ya Shinyanga, anauza maji baridi, barafu na juisi karibu na soko. Amekopa shilingi 850,000 kutoka katika kikundi chake cha VICOBA, akanunua friza yenye jina la kampuni ya ng'ambo. Dukani ameambiwa kuwa friza ina waranti ya mwaka mmoja, naye amepewa kadi yenye maandishi madogo ya lugha asiyoisoma.

Mwezi wa tano kompresa inakufa. Anarudi dukani, na muuzaji anamjibu kwa upole: "Mama yangu, pole sana, lakini sisi ni wauzaji tu. Kampuni yenyewe iko nje." Anaigeuza kadi ya waranti na kukuta anwani ya kiwanda kilichoko maelfu ya kilomita kutoka Shinyanga, na hakuna hata namba moja ya simu ya Tanzania. Barafu hakuna, biashara imesimama, ila marejesho ya mkopo yanadaiwa kila wiki kama kawaida.

Je, mama huyu amepoteza haki yake? Tunamwomba msomaji akumbuke swali hilo. Tutalirudia baada ya kueleza milango.

2. Kwa nini kampuni huvuka mipaka

Wakazi wa Shinyanga na Geita si wapya katika jambo hili. Reli ya kutoka Tabora hadi Mwanza, iliyokamilika mwaka 1928, ilipita Shinyanga ikileta bidhaa za viwanda vya mbali na kuondoka na pamba. Mwaka 1940 mwanajiolojia kutoka Kanada, John Williamson, aligundua almasi Mwadui. Mgodi huo ulikuja kupita mikononi mwa De Beers, na mwaka 2009 ukanunuliwa na Petra Diamonds, huku Serikali ikiwa mbia. Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, wakati kampuni ya Ashanti Goldfields kutoka Ghana ilipokuwa miongoni mwa wamiliki. Mwaka 2004 Ashanti iliungana na AngloGold ya Afrika Kusini, na jina la AngloGold Ashanti ndilo linalojulikana leo.

Kampuni za madini hufuata kilichomo ardhini. Kampuni za bidhaa na huduma hufuata watu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120, na kila mmoja wao hula, huvaa, husafiri na hupiga simu. Kampuni ambayo soko la kwao limejaa hutazama idadi hiyo kama mkulima atazamavyo shamba ambalo halijalimwa. Aidha, mikataba ya kikanda imepunguza vizuizi vya mipakani. Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulianza mwaka 2005 na Soko la Pamoja mwaka 2010, na biashara chini ya Eneo Huru la Biashara la Afrika ilizinduliwa rasmi tarehe 1 Januari 2021.

Kwa mlaji, ujio huo una faida ya wazi. Ushindani hushusha bei na kuleta aina nyingi za bidhaa. Wenye umri wa kutosha wanakumbuka jinsi simu ya mkononi ilivyokuwa kitu cha wachache, kabla kampuni kadhaa hazijaanza kugombea wateja. Lakini kampuni hupima faida na hasara yake kwanza. Inapoingia, huchagua mlango unaoipunguzia gharama na hatari. Hatari ambayo kampuni imeikwepa haipotei. Mara nyingi humwangukia mtu mwingine, na mtu huyo asipokuwa mwangalifu huwa ni mlaji.

3. Milango mitano

Mlango wa kwanza: mwagizaji na msambazaji

Huu ndio mlango rahisi kuliko yote. Kampuni hubaki kwao, na mfanyabiashara wa hapa huagiza bidhaa na kuzisambaza kwa wauzaji wa jumla, nao huwauzia wenye maduka. Pikipiki nyingi za bodaboda kutoka China na India, simu, redio, paneli za jua, pampu za maji na makarasha ya wachimbaji wadogo huingia kwa njia hii.

Mlango huu una sura mbili. Baadhi ya wasambazaji wameteuliwa rasmi na kiwanda, wana mafundi, na wana ghala la vipuri. Wengine hununua shehena moja ng'ambo, wakaiuza, wakahamia bidhaa nyingine. Kwa macho, pikipiki za pande zote mbili huweza kufanana kabisa. Tofauti huonekana siku kipuri kinapohitajika.

Ni katika mlango huu pia bidhaa bandia hupenya kwa urahisi. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilizizima simu bandia zilizokuwa zikitumika katika mitandao ya nchi. Walionunua simu hizo walikuwa wametoa fedha halali, lakini wengi hawakuwa na risiti wala hawakumjua aliyeziingiza nchini. Tangu wakati huo tumekuwa tukihimiza mlaji abonyeze *#06# kabla ya kulipa, aone namba ya utambulisho ya simu, kisha aitume kwenda 15090 ili ajue kama simu ni halisi.

Mlango wa pili: leseni ya jina na utaalamu

Hapa kampuni ya kigeni haileti bidhaa bali hukodisha jina lake, mchanganyiko wake na viwango vyake kwa kampuni ya hapa. Mfano ulio karibu nasi ni soda. Jina la Coca-Cola lina makao yake Atlanta, Marekani, lakini soda yenye jina hilo inayonywewa Kanda ya Ziwa hujazwa Mwanza na kampuni ya Nyanza Bottling. Chupa ikikutwa na uchafu, mlaji hana haja ya kuitafuta Atlanta. Mjazaji yuko Mwanza, na jina lake limeandikwa kwenye bidhaa.

Kwa mlaji mlango huu una usalama wake, kwa kuwa mwenye kiwanda yuko chini ya sheria zetu na Shirika la Viwango, TBS, linaweza kumkagua. Jambo la kukumbuka ni kwamba mwenye leseni na mwenye jina ni watu wawili. Ahadi inayotolewa na tangazo la dunia nzima kwenye televisheni si lazima iwe ahadi ya kampuni ya hapa. Zawadi, promosheni au punguzo la bei lisilotajwa na kampuni ya hapa nchini liulizwe kwanza.

Mlango wa tatu: kununua kampuni iliyopo

Mgeni mwenye mtaji huweza kununua nyumba iliyokwisha kujengwa badala ya kujenga yake. Mwaka 1993, South African Breweries iliingia Tanzania kwa kununua nusu ya hisa za Kampuni ya Bia Tanzania, TBL. Wanywaji waliendelea kuona majina waliyoyazoea ilhali uamuzi mkubwa ulikuwa umehamia kwingine.

Katika simu mabadiliko yalionekana zaidi, kwa sababu jina lenyewe lilibadilika. Mtandao ulioitwa Celtel ukawa Zain mwaka 2008, kisha ukawa Airtel mwaka 2010 baada ya Bharti ya India kununua biashara ya Zain katika nchi nyingi za Afrika. Mtandao wa Tigo, uliokuwa wa Millicom, ulinunuliwa na wawekezaji wakiongozwa na kundi la Axian, na Novemba 2024 ukapewa jina la Yas. Mara zote hizo mteja aliamka asubuhi akakuta rangi mpya kwenye vibanda vya mawakala, lakini namba yake ya simu ni ileile.

Tunasisitiza jambo moja hapa. Jina linapobadilika, mkataba wako haufi. Fedha iliyomo katika akaunti yako ya simu haiwi mali ya mmiliki mpya. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 na kanuni zake zinataka fedha za wateja zitunzwe katika akaunti za amana benki, mbali na fedha za kampuni yenyewe. Hali kadhalika, ununuzi wa kampuni unaofikia kiwango kilichowekwa kisheria hauna budi kupelekwa kwanza Tume ya Ushindani, FCC, ili ichunguze kama utaua ushindani na kumwacha mlaji bila chaguo.

Wadanganyifu hupenda sana majira ya mabadiliko hayo. Mtu anayekupigia akisema, "Kampuni imebadilika jina, nitajie namba yako ya siri tuhamishe akaunti yako," huyo ni mwizi. Hakuna mmiliki mpya anayehitaji namba ya siri ya mteja.

Mlango wa nne: kampuni tanzu, tawi na ubia

Baadhi ya wageni huja wenyewe na kujenga. Viettel ya Vietnam ilianzisha huduma za Halotel mwaka 2015, ikajenga minara na kutandaza nyaya hadi vijijini. Vodacom Tanzania, iliyoanza kutoa huduma mwaka 2000, ilikuja kuuza sehemu ya hisa zake kwa umma na kuorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2017. Wengine huingia kwa ubia. Katika dhahabu, baada ya mvutano ulioanza mwaka 2017, Barrick na Serikali waliunda kampuni ya Twiga Minerals, ambayo Serikali ina asilimia 16 ya hisa zake.

Kampuni tanzu ni kampuni ya Kitanzania mbele ya sheria, hata kama mwenye hisa zote yuko ng'ambo. Husajiliwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA, huwa na namba ya mlipakodi, na huweza kushtakiwa hapa. Tawi ni tofauti kidogo, kwa kuwa ni mkono wa kampuni ya nje iliyopata hati ya kufanya shughuli zake nchini. Hata hivyo nalo hutakiwa kujisajili na kutaja mtu aliye Tanzania wa kupokea nyaraka za kisheria kwa niaba ya kampuni. Kwa mlaji, huu ndio mlango wenye anwani iliyo wazi kuliko yote.

Mlango wa tano: mtandao wa intaneti

Mlango huu hauna kizingiti. Kampuni inaweza kuuza Ngokolo bila kuwa na meza wala kiti popote nchini. Mlaji hupakua programu kwenye simu, hulipa, na kusubiri. Baadhi ya kampuni za namna hii hufungua ofisi na kufuata sheria. Nyingine hubaki kuwa jina kwenye kioo cha simu.

Mikopo ya mtandaoni imetufundisha gharama ya jambo hili. Mkopaji hupewa fedha ndani ya dakika chache, lakini huwa ameruhusu programu isome majina yote yaliyomo kwenye simu yake. Akichelewa siku moja, ujumbe wa kumdhalilisha hutumwa kwa mama mkwe, kwa mwalimu wa mtoto na kwa mwajiri. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni, na kuwataka wananchi wazikwepe. Mkopeshaji halali ana leseni ya Benki Kuu, na hulazimika kueleza riba na tozo zote kabla mkopaji hajakubali.

Kuna na wale ambao hawakuingia kwa mlango wowote, bali wameazima jina tu. Hujitambulisha kuwa wawakilishi wa kampuni kubwa ya Ulaya, Marekani au Asia, hukodi ukumbi, hugawa fulana, na kuahidi faida ya kila siku kwa atakayeweka fedha na kuleta wenzake watatu. Huo ni mpango wa piramidi, na sheria zetu zinaukataza. Dalili yake haibadiliki: faida haitokani na bidhaa yoyote inayouzwa bali hutokana na fedha ya anayejiunga nyuma yako. Ugeni wa jina hutumiwa kwa makusudi, ili asiwepo wa kwenda kulithibitisha.

4. Mgeni anapoondoka

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wapo wageni waliopewa jembe wakaona shamba ni gumu, wakaondoka.

Shoprite ya Afrika Kusini iliuza maduka yake ya Tanzania kwa Nakumatt ya Kenya mwaka 2014. Uchumi, nayo ya Kenya, ilifunga maduka yake ya Tanzania na Uganda Oktoba 2015. Nakumatt yenyewe ilielemewa na madeni, ikawekwa chini ya msimamizi wa ufilisi nchini Kenya Januari 2018. Jumia, iliyouza bidhaa kwa mtandao, ilisitisha shughuli zake nchini Novemba 2019. Uber ilisimamisha huduma Aprili 2022 baada ya kutokubaliana na viwango vya nauli na kamisheni vilivyowekwa na mdhibiti, ikarejea mwaka uliofuata. Katika mwaka huohuo wa 2022 duka la Game lililokuwa Mlimani City, Dar es Salaam, lilifungwa.

Msomaji wa Shinyanga anaweza kusema kwamba maduka hayo hayakufika kwake. Basi tumpe mfano wa jua, ambalo linamfikia kila mtu. Mobisol ilikuwa kampuni yenye makao Berlin, Ujerumani. Iliuza mitambo ya umeme wa jua kwa malipo ya awamu kupitia simu, na wateja wake wengi walikuwa kaya za vijijini Tanzania. Aprili 2019 iliomba ulinzi wa ufilisi huko Ujerumani, na mwaka huohuo ikanunuliwa na ENGIE ya Ufaransa. Kaya iliyokuwa imekwisha lipa nusu ya bei ilijikuta hatima ya mtambo wake ikijadiliwa katika lugha na nchi isiyoijua.

Katika ununuzi wa namna hiyo, mara nyingi mnunuzi hununua pia madeni ambayo kampuni inawadai wateja. Kwa hiyo mlaji asidhani kwamba deni limekufa, akaacha kulipa, kisha mtambo ukazimwa kwa mbali. Lakini naye asiwe mnyonge. Aulize kwa maandishi mambo matatu: nani sasa anapokea malipo yangu, nimebakiwa na kiasi gani, na nani amechukua wajibu wa waranti yangu. Jibu alitunze pamoja na mkataba wa mwanzo. Tena asilipe kwa namba mpya ya simu aliyotumiwa kwa ujumbe mpaka aithibitishe katika ofisi au kwa namba ya huduma kwa wateja aliyokuwa akiitumia zamani.

Mgeni akisikika anafunga virago, mwenye kadi ya zawadi, pointi za ununuzi au malipo ya awali azitumie mapema. Duka likiingia katika ufilisi, mteja wa kawaida husimama nyuma ya foleni ndefu ya wadai.

5. Sisi nasi ni wageni kwa wenzetu

Haki tunazodai hapa, wengine wanazidai kwetu. Benki ya CRDB ilifungua kampuni tanzu Burundi mwaka 2012, na mwaka 2023 ikaanza kutoa huduma katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Bidhaa za Azam, za kundi la Bakhresa, zimefika katika nchi kadhaa za jirani, na katika baadhi ya nchi hizo kundi hilo limejenga viwanda. Mlaji wa Bujumbura anapouliza, "Benki hii ya Kitanzania itanijibu nani?" anauliza swali letu lilelile. Mfanyabiashara wa Kahama anayepeleka mchele Rwanda au Burundi naye ni kampuni ya kigeni huko aendako. Aandike jina na anwani yake kwenye gunia, kwani akiwa na anwani ataaminiwa.

6. Kabla hujalipa

Tunamshauri mlaji aulize maswali yafuatayo dukani, bila haya na bila ukali. Muuzaji mwaminifu hatachukizwa nayo.

(a) Nani ameiingiza bidhaa hii nchini? Tazama boksi na kadi ya waranti. Jina na anwani ya mwagizaji au msambazaji aliye Tanzania viwepo. Visipokuwepo, mwombe muuzaji aviandike kwenye risiti.

(b) Waranti inatekelezwa wapi? Waranti inayotekelezwa Dar es Salaam pekee ina gharama ya usafiri. Uliza nani atailipa, na je, kuna fundi aliyeidhinishwa Shinyanga, Kahama, Geita au Mwanza?

(c) Vipuri vinapatikana? Kabla ya kununua pikipiki, pampu au karasha la chapa usiyoizoea, nenda kwanza kwa fundi. Muulize kama amewahi kuitengeneza na kama vipuri vyake viko madukani. Nusu saa ya kuuliza huokoa msimu mzima.

(d) Kampuni imesajiliwa? Jina linaweza kutafutwa katika mfumo wa BRELA kwenye mtandao. Kwa mkopeshaji, angalia orodha ya wenye leseni ya Benki Kuu. Kwa chakula, vipodozi na vifaa vya umeme, tafuta alama ya ubora ya TBS pale inapohusika.

(e) Risiti ni ya jina gani? Dai risiti ya mashine ya EFD. Jina na namba ya mlipakodi vilivyomo ndivyo vinavyomtambulisha aliyekuuzia. Karatasi iliyoandikwa kwa kalamu, yenye neno "Imelipwa" tu, haimtaji mtu.

7. Mambo yakiharibika

Sasa turudi kwa mama wa Ngokolo. Je, amepoteza haki yake? Hapana.

Mkataba wa kwanza wa mama huyu ni kati yake na duka lililochukua fedha yake, wala si kati yake na kiwanda cha ng'ambo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, kwa kawaida humbebesha muuzaji wa biashara wajibu wa kuuza kitu chenye ubora unaokubalika na kinachofaa kwa kazi iliyokusudiwa. Friza isiyogandisha baada ya miezi mitano, bila kosa la mtumiaji, inazua swali ambalo muuzaji lazima alijibu yeye mwenyewe. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo humlinda mlaji dhidi ya maelezo ya uongo na masharti yanayomnyang'anya haki zake. Bango lisemalo "Mali ikishauzwa hairudishwi" haliwezi kufuta haki iliyotolewa na sheria. Muuzaji akishamhudumia mteja, yeye ndiye atakayemdai msambazaji, na msambazaji ataidai kampuni. Mnyororo huo ni wao. Mlaji asilazimishwe kuutembea peke yake.

Mama huyo afanye hivi:

Kwanza, asiifungue friza wala kumpa fundi wa mtaani aifungue, maana hilo huweza kutumiwa kuikana waranti. Aipige picha, na aandike tarehe tatizo lilipoanza.

Pili, aende dukani na risiti pamoja na kadi ya waranti, akiwa na barua fupi ya nakala mbili. Aeleze tatizo na anachotaka, yaani kutengenezewa, kubadilishiwa au kurudishiwa fedha, na atoe muda wa kujibiwa. Muuzaji asaini nakala moja, nayo ibaki kwa mama.

Tatu, asipojibiwa, apeleke nakala hizo kwa Afisa Biashara wa Manispaa, na malalamiko yake ayafikishe FCC. Suala likiwa la ubora wa bidhaa aende TBS. La simu na intaneti liende kwa mtoa huduma kwanza, kisha TCRA. La mkopo au fedha za simu liende kwa mtoa huduma kwanza, kisha Benki Kuu. Taasisi hizi zina ofisi za Kanda ya Ziwa jijini Mwanza, kwa hiyo si lazima kusafiri hadi Dar es Salaam.

Nne, njia ya mahakama ipo pia, na kwa madai madogo huanzia Mahakama ya Mwanzo. Barua na risiti alizotunza ndizo zitakazokuwa ushahidi wake.

Mama wa mfano wetu alikuwa na risiti ya EFD, kwa hiyo ana pa kuanzia. Asingekuwa nayo, haki yake isingefutika, lakini kuithibitisha kungekuwa kazi ngumu. Tunaomba jambo hilo likumbukwe kuliko yote yaliyoandikwa hapa.

8. Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Taja bidhaa tatu za kampuni za kigeni zilizomo nyumbani mwako. Kila moja imeingia kwa mlango upi kati ya mitano tuliyoeleza?

2. Chukua kadi ya waranti yoyote uliyonayo. Je, ina jina na anwani ya mtu aliye Tanzania? Kama haina, utamuuliza nani?

3. Kikundi cha wachimbaji wadogo kinataka kununua karasha. La chapa isiyojulikana lina bei nafuu, na la pili ni ghali ila lina fundi na vipuri Kahama. Jadilini gharama ya kila siku ambayo kazi itasimama, kisha mwamue lipi ni rahisi kweli.

4. Jirani amepokea ujumbe kwamba kampuni iliyomuuzia mtambo wa jua imenunuliwa, na kwamba kuanzia sasa alipe kwa namba mpya. Mwandikieni barua yenye maswali matatu ya kuuliza kabla hajalipa.

5. Mtu anayedai kuwakilisha kampuni kubwa ya nje amewaalika ukumbini. Andaeni maswali matano ya kumuuliza, na mkubaliane ni jibu gani likikosekana mtaondoka bila kutoa hata shilingi.